Sauti Ambayo Josefina Hakuisikia

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijagongwa, Josefina alikuwa ameshamaliza kazi tatu. Aliteka maji kijitoni, aliwasha moto jikoni, kisha alimpelekea baba yake uji wa ulezi pale alipokuwa amekaa kwenye gogo la mlangoni, amejifunika blanketi mpaka masikioni. Baridi ya Ufipa haina huruma, hasa ukungu unaposhuka na kulala chini kama vile umefika kwake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo shule ipo?"

"Ipo, baba."

"Haya. Kasome, usije ukawa kama mimi, wa kusomewa barua na watu."

Mzee Tadei alisema hivyo hivyo kila siku. Josefina alichukua daftari lake akaenda. Kutoka nyumbani kwao, pale Mollo, njia za kwenda shule zilikuwa mbili. Ya mkato ilipita katikati ya shamba la mama yake. Ya mzunguko ilipita kwa jumbe, halafu ikapanda kilima na kushuka tena. Josefina alikuwa na miaka kumi na miwili na miguu mizuri, lakini kila siku alishika ile ndefu.

Mwaka ule wa hamsini na tatu, wakati wa Mwingereza, watu wa huko walikuwa bado wanalima kama walivyolima babu zao. Mvua zikikolea, walikata nyasi wakazilaza chini, wakazifunika kwa udongo uliopinduliwa, mpaka shamba zima likajaa matuta ya mviringo, kila moja kama chungu kikubwa kilichofudikizwa. Matuta hayo waliyaita intumba. Juu yake walipanda maharage. Ndani yake nyasi zilioza polepole na kuwa mbolea. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, intumba zilivunjwa, udongo ukasambazwa, na ulezi ukamwagwa. Bwana Shamba alikuja na karatasi zake kuwaambia walime matuta marefu kama anavyotaka yeye. Wakamwitikia, akaondoka, wakaendelea.

Intumba za shamba lile alizilima Kristiana, mama yake Josefina, peke yake, mwezi wa pili, mvua ikimpiga mgongoni. Mumewe hakuwapo. Alipozimaliza alishikwa na kichomi, na siku ya tano akafa, akazikwa makaburini. Maharage yake hakuyavuna mtu. Yalikauka palepale juu ya intumba, na upepo ulipovuma yalisikika yakichakarika. Sasa ilikuwa Novemba. Mashamba ya jirani yote yalikuwa yanavunjwa, lakini la Kristiana lilikaa vilevile. Ukungu ukishuka, ungedhani ni makaburi ya kijiji kizima.

Watoto walipita pale mbiombio. Theodory, mtundu wa darasa la nne, aliapa kwamba alisikia jembe likigonga jiwe na mtu hayupo.

Ukimuuliza Mzee Tadei kwa nini havunji, alikuhesabia vidole. "Tarishi aliyekuja kunisomba nikatengeneze barabara kwa sababu ya kodi, huyo ni mmoja. Jumbe aliyekula kuku wangu akiniahidi kuniombea ruhusa, huyo wa pili. Dresa aliyefunga zahanati saa sita mchana mke wangu akiwa amelala barazani pake, wa tatu. Hao ndio waje wavunje. Mimi simo."

Na kweli, wakubwa hao hakuna hata mmoja aliyekuja hata kutoa pole.

*

Shuleni kulikuwa na mwalimu mpya, Mwalimu Adolfu, kijana mwembamba aliyetoka Wampembe, ziwani. Wanafunzi walimcheka chinichini kwa sababu alivaa sweta mbili na bado akatetemeka. Lakini Ijumaa ilipofika hakuna aliyetaka kukosa shule, maana Ijumaa Mwalimu Adolfu alifundisha ushairi, tena kwa namna yake mwenyewe.

Hakuanza na vina wala mizani. Alianza na kitu alichokiita kianzio. Ijumaa moja alisema, "Mwelezeni ugali wa ulezi mtu ambaye hajawahi kuuona." Nyingine alikuja na kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa, kila mtoto akatia mkono, akashika kitu bila kukiona, akaandika kile mkono wake ulichokikumbuka. Siku nyingine akauliza, "Jembe lingekuwa na mdomo, lingemwambia nini anayelishika?"

Theodory alinyoosha mkono. "Lingesema, acha kunitemea mate, mzee, kwani mimi nimekukosea nini?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Adolfu naye akacheka mpaka akaegemea ubao. "Hilo ni shairi, Theodory. Umeona? Limetoka kwako, halikutoka kitabuni."

Ijumaa ya mwisho ya Novemba, mwalimu aliandika ubaoni kianzio kigumu kuliko vyote: *Nenda peke yako mahali unapopaogopa. Kaa kimya mpaka usikie sauti moja. Andika ulichokisikia.*

"Nasema ulichokisikia," alirudia, akigonga ubao kwa chaki. "Sitaki ulichokifikiria, wala ulichoambiwa na bibi yako. Jumatatu mtasoma mbele ya wenzenu. Na Mwalimu Mkuu ameniagiza nichague shairi moja lisomwe siku ya kufunga shule, mbele ya Afisa Elimu."

Njiani Cornelia, rafiki yake, alimtekenya Josefina mbavuni. "Wewe huna haja ya kutafuta. Pa kuogopa unapo mlangoni kwenu."

"Siogopi mimi."

"Huogopi? Na hiyo njia ya kwa jumbe unaipita kwa kuwa inanukia?"

"Nitakwenda kesho. Utaona."

Na kesho yake alikwenda. Asubuhi, ukungu ukiwa mzito kiasi cha kuficha miguu yake mwenyewe, alifika ukingoni mwa shamba. Aliona intumba tatu za mbele. Zilizobaki zilikuwa vivuli tu. Maharage makavu yakachakarika. Josefina akainua mguu ili avuke mfereji. Mguu ukakataa. Alisimama pale kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda, kisha akageuka na kukimbia.

Jumapili, baada ya misa, alikaa jikoni na daftari. Angeweza kuandika juu ya ule mguu uliokataa. Lakini alimwona Cornelia akicheka, na Theodory akicheka, akaona aibu. Basi akaanza kutunga. Alijua vina vizuri kuliko wenzake wote. Maneno yalimjia yenyewe, moja likimwita jingine. Mwinuo. Kituo. Alihitaji neno moja zaidi la kufunga mstari wa tatu. Alilitafuta akiwa anachochea moto, mara likaja: nguo. Likatua mahali pake sawasawa, kama kifuniko juu ya chungu. Wala hakufikiri zaidi ya hapo.

Jumatatu alisimama mbele ya darasa akasoma:

*Nilikwenda peke yangu, katika ukungu huo,*
*Kamsikia mamangu, juu ya ule mwinuo,*
*Akaniita, "Mwanangu, nipe maji, sina nguo,"*
*Hadi leo moyo wangu, haujapata kituo.*

Hakuna aliyecheka. Theodory alikuwa ameacha mdomo wazi. Cornelia alijishika mabega kama aliyepigwa na baridi. Mwalimu Adolfu aliondoa miwani, akaifuta, akaivaa tena. Na dirishani alikuwa amesimama Mwalimu Mkuu, Mwalimu Eustace, aliyepita tu akasikia.

"Hilo," alisema Mwalimu Eustace. "Hilo ndilo litakalosomwa. Mwalimu Adolfu, lipige chapa, nalipeleka bomani leo leo. Afisa Elimu aone kwamba hapa hatufugi mbuzi."

Josefina akajisikia mrefu. Alitembea hivyo, mrefu, mpaka nyumbani.

*

Habari ilikuwa imetangulia. Cornelia alimwambia mama yake, mama yake akawaambia wenzake kijitoni, na kabla jua halijainama shangazi Silvana, dada yake Mzee Tadei, alikuwa ameshafika, amejifunga kanga kiunoni kama mtu wa msibani.

"Josefina, mwanangu, hebu niambie. Ni kweli umemsikia mama yako shambani?"

Baba yake alikuwa kwenye gogo lake. Hakugeuka, lakini kikombe cha uji kilisimama hewani, hakikwenda mdomoni wala hakikurudi chini.

Josefina angeweza kusema, shangazi, ni shairi tu. Maneno manne. Lakini tayari darasa zima lilimwamini, na Mwalimu Mkuu, na boma.

"Ndiyo, shangazi," alisema.

Baba yake akaweka kikombe chini. "Alisema nini? Sema vilevile alivyosema."

"Alisema... nipe maji."

"Na nini tena?"

"Kwamba hana nguo."

Mzee Tadei alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama anayeambiwa kitu alichokuwa anakijua. "Tulimzika na gauni moja," alisema. "Lile la kijani, lililochanika kwapani. Nilisema nitanunua jipya. Sikuwa na kitu."

Asubuhi iliyofuata, Josefina alipopeleka uji mlangoni, gogo lilikuwa tupu. Alimwona baba yake akitoka kwenye ukungu, upande wa shamba, mikono mitupu, bila blanketi, kifua nje kwenye baridi ile.

"Blanketi liko wapi, baba?"

"Nimempelekea mama yako. Na bakuli la maji."

Josefina akashika ukuta.

Ikawa ndiyo kazi ya baba. Kila alfajiri anajaza bakuli la mti, anakwenda, anarudi. Na siku ya tatu alirudi macho yakimng'aa. "Maji yameisha," alisema kwa sauti ya chini, kama anayesimulia siri. "Jana yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni. Leo bakuli limekauka. Ameyanywa, Josefina. Mama yako ameyanywa."

Siku ya nne, bakuli kavu. Siku ya tano, kavu. Hapo ndipo Josefina alipoingiwa na hofu ya aina nyingine kabisa. Yeye ndiye aliyebuni sauti ile, jikoni, akichochea moto. Alijua hata kuni alizokuwa anachochea. Sasa maji yananywewa na nani? Je, kama uongo wake ulikwenda ukagonga mlango usiopaswa kugongwa, na mtu akafungua? Aliteka maji kijitoni akiogopa kuangalia sura yake ndani ya ndoo. Upepo ukichakarisha maharage, aliziba masikio, na bado akasikia: *nipe maji, sina nguo.* Sauti haikuwa ya mama yake. Ilikuwa ni yake mwenyewe, vilevile alivyosoma darasani, na hilo lilimtisha zaidi.

Mvua zikafika. Jirani wakamwaga ulezi. Shangazi Silvana alikuja kumsihi kaka yake.

"Tadei, mbegu zinapandwa. Vunja hizo intumba, watu wakusaidie. Utamlisha nini huyu mtoto?"

"Nivunje? Nimvunjie nyumba na mwenyewe yumo ndani?" Akakohoa. Kikohozi kilikuwa kimemwanza siku ya pili bila blanketi, na sasa kilimkunja kama kisu cha kukunja. "Waende wakavunje za kwao. Wakubwa walimtoa duniani, mimi sitamtoa shambani."

Alhamisi alishusha kilindo cha mbegu, kile chombo cha gome la mti kilichokaa darini, akapangusa vumbi. Ndani yake mlikuwa na ulezi wote wa kupanda waliokuwa nao.

"Jumamosi nakwenda Sumbawanga," alisema. "Mwinjuma, yule mwenye duka la nguo, hupokea ulezi. Atanipa doti ya kanga, na pengine na shuka. Blanketi si nguo ya mwanamke."

"Baba, na mbegu?"

"Mbegu za nini? Kwani tunalima?"

Josefina alikitazama kilindo. Mwaka mzima ulikuwa mle ndani. Uji wa asubuhi, ugali wa jioni, vyote. Na neno alilolitafuta ili mstari ufungike ndilo lililokuwa linakwenda kuvitoa.

*

Ijumaa alifika shule kabla ya wote, akamkuta Mwalimu Adolfu akiwasha jiko la ofisi. Alimweleza yote, akiangalia vidole vya miguu yake. Mwalimu Adolfu akakaa chini polepole.

"Kwa hiyo hukwenda?"

"Nilifika mferejini tu, mwalimu."

"Na mwinuo ule ni intumba za mama yako? Mimi ni mtu wa samaki, Josefina, sikujua. Nilidhani ni kilima tu. Ningejua, ningekuuliza kabla sijakusifu." Akajipangusa uso. "Na mimi nina kosa."

Mwalimu Eustace alikuwa mlangoni, fimbo kwapani. Alikuwa amesikia. "Kosa gani? Shairi liko bomani. Afisa Elimu anakuja Jumatano. Mtoto anyamaze mpaka mgeni aondoke, halafu ayamalize na baba yake huko nyumbani."

"Baba yake anauza mbegu kesho, mwalimu," alisema Mwalimu Adolfu.

"Mimi ni mkuu wa shule, si mkuu wa mbegu."

Ndivyo walivyo. Mgeni wao kwanza, njaa ya mtu baadaye.

Mwalimu Eustace alipoondoka, Josefina alisema, "Mwalimu, wewe njoo umwambie. Wewe atakuamini."

"Ataniamini, ndiyo. Lakini uongo ule aliuamini kutoka kwako, si kwangu. Ningekwenda ningekuwa nimekubebea mzigo nusu ya njia tu. Uliobaki ungekusubiri." Akamwekea mkono begani. "Nenda kesho asubuhi, kabla hajashika njia."

*

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito. Gogo lilikuwa tupu, na kilindo hakikuwapo. Josefina alikimbia peku mpaka kwenye mfereji, na safari hii hakuuliza mguu. Aliruka. Akapita intumba ya kwanza, ya pili, ya sita, nyasi mbichi zikimlowesha magoti, mpaka akaona blanketi la baba yake limetandazwa juu ya intumba moja, limelowa chepechepe kama ngozi ya mnyama. Bakuli lilikuwa mbele yake, limejaa. Na baba alikuwa amechuchumaa kando, kilindo karibu yake, akiaga.

"Baba."

Mzee Tadei alishtuka mpaka akaangukia makalio. Kwa muda mfupi alimtazama kama si yeye, na uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo Josefina hakupata kuisahau maisha yake yote. Kisha akamtambua, na furaha ile ikazimika.

"Ni wewe."

"Ni mimi, baba. Sikumsikia."

"Hukumsikia nani?"

"Mama. Sikuja huku. Niliogopa, nikarudi. Nilitunga tu. Nilitafuta neno la kulingana na kituo, nikapata nguo. Hakusema kitu. Usiende Sumbawanga, baba."

Upepo ukapita. Mzee Tadei hakumpiga wala hakumfokea, na Josefina alitamani afanye mojawapo.

"Na maji?" alisema hatimaye. "Nani anakunywa maji?"

"Sijui, baba."

"Hujui. Na mimi sijui." Akavuta pumzi, akakohoa, akapigapiga udongo kando yake. "Basi kaa. Tusikilize wote wawili. Safari hii kweli."

Wakakaa. Mwanzoni Josefina alisikia moyo wake tu. Kisha akasikia maganda ya maharage yakigongana. Panya alikwaruza ndani ya intumba, mahali nyasi zilipooza. Mbali, mtu alimwita ng'ombe kwa Kifipa. Baba yake alipumua, na ndani ya pumzi yake mlikuwa na filimbi ndogo ya ugonjwa. Alisikiliza kwa nguvu zake zote. Mama yake hakuwamo katika sauti hizo. Ilimuuma kwa namna ambayo woga haukuwahi kumuuma.

Ndipo ikasikika. *Lap, lap, lap, lap.*

Mzee Tadei akamshika mkono mpaka ukauma. Sauti ilitoka kwenye bakuli. Ukungu ulikuwa umelifunika. Walichoona ni kitu cha kijivu, kimeinama, kikinywa. Kikainua kichwa. Kilikuwa na masikio mawili, moja limekatika nusu.

"Mbwa wa jumbe," alisema Mzee Tadei.

Mbwa akajilamba pua, akawatazama kama watu waliomkatiza mlo, akaenda zake akiyumbisha mkia.

"Mbwa wa jumbe!" Sasa alikuwa akicheka. Tangu msiba hakuwahi kucheka, na kicheko kilikuwa kimekwaruzika kama mlango wenye kutu. "Kuku wangu wamemla wao. Sasa hata maji ya marehemu mke wangu... Kristiana, umesikia? Hata mbwa wao!" Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, na kikohozi kilipomwachia alikuwa analia.

Josefina alimshika mgongo.

"Sikiliza," alisema baba yake, akipangusa uso kwa kiganja. "Umesema lako. Na mimi niseme langu, maana sijapata kulisema. Tarishi aliponijia, mama yako aliniuliza, nifanye nini na shamba? Nikamjibu kwa hasira. Nikamwambia, nikirudi nikute intumba zimekwisha, la sivyo usiniite mume. Hivyo. Wale watatu ninaowahesabu kila siku wana makosa yao, wala sitawasamehe kesho. Lakini hata kidole cha nne nilikuwa nacho, nikikificha. Siogopi kuzivunja kwa sababu ya mama yako kuwamo, mwanangu. Naogopa kwa sababu alizimaliza. Alizimaliza zote, kama nilivyomwambia."

Halafu Mzee Tadei alisimama, akakamua blanketi, akalitundika juu ya kichaka. Akamwambia Josefina akachukue majembe mawili nyumbani, apite na kwa shangazi Silvana.

Walianza na ile intumba iliyokuwa na blanketi. Jembe la baba lilipozama, udongo ulifunguka, mweusi, laini, ukitoa mvuke kwenye baridi. Nyasi zote zilikuwa zimeoza vizuri.

"Angalia kazi yake," alisema Mzee Tadei. "Hakuna aliyelima hivi kijiji hiki."

*

Jumatatu Josefina alisimama mbele ya darasa akasema alidanganya. Theodory alipiga mluzi. Cornelia alikunja uso. "Mimi siku tatu nimelala na taa kwa ajili yako, shenzi wewe," alisema, lakini mapumziko yalipofika alikuja kukaa naye. Mwalimu Eustace alifoka kwamba ameaibishwa. Akaandika barua bomani, na Jumatano mtoto mwingine akamsomea Afisa Elimu ubeti wa kusifu barabara. Mgeni alipiga makofi, akatazama saa yake.

Mwalimu Adolfu hakumwadhibu. Alimpa karatasi. "Kianzio ni kilekile," alisema. "Bado una deni la shairi."

Josefina aliandika bila vina hata kimoja:

*Maganda ya maharage ya mama yanagongana.*
*Panya anachimba.*
*Baba anapumua, kifua kinapiga filimbi.*
*Nimesikiliza sana.*
*Mama hakusema kitu.*

Mwalimu Adolfu alisoma mara mbili, akalikunja akalitia mfuko wa shati. Hakulipeleka bomani.

Jioni ya Jumatatu hiyo Josefina alikuta shamba limevunjwa lote. Shangazi Silvana na jirani wanne walikuwa wanasawazisha udongo, wakitaniana. Wakamtania na Josefina: "Haya, mwenye kusikia sauti, hebu sikiliza kama ugali umeiva!" Baba yake alikuwa amejifunga kilindo kiunoni, akimwaga ulezi kwa mkono wa kulia, taratibu, hatua kwa hatua. Kikohozi kilikuwa hakijaisha, ila kilikuwa kimelegea.

"Umewaambia?" aliuliza bila kusimama.

"Nimewaambia, baba. Mwalimu Mkuu amekasirika."

"Akasirike. Hasira yake haioti." Akafika mwisho wa mstari, akageuka, akamtazama. "Josefina. Hao wakubwa wamenidanganya tangu nina ndevu mbili. Wananiambia kesho, wananiambia barua imekwenda, wananiambia dresa yupo. Nimezoea. Wakinidanganya, narudi nyumbani nanung'unika, basi yamekwisha. Lakini mtu wa nyumbani akinidanganya, mimi narudi wapi?"

Josefina akaweka daftari lake chini.

"Kumbuka hilo ukishika kalamu," alisema baba yake. "Tunga unavyotaka, hata fisi azungumze, mradi mtu ajue ni fisi wa kutunga. Akikuuliza, ni kweli? Hapo shairi limekwisha, mjibu kweli. Nami nitajaribu vivyo hivyo. Haya, kinga mikono."

Josefina akakinga mikono, na baba yake akaijaza mbegu. Wakaanza mstari mwingine, yeye upande huu na baba upande ule, ulezi ukianguka juu ya udongo mweusi bila sauti yoyote.